Mguu Ndani, Mguu Nje: Wataliano wa North End, Boston

(Hii ni hotuba niliyoitoa kwenye mkutano wa mwaka wa sisi wahamiaji hapa Lowell, jimbo la Massachusetts, Marekani. Wengi walikuwa zamu siku ile, wakaniomba niwaandikie. Nimeiweka kama nilivyoisema, isipokuwa pale nilipokohoa.)

Wazee wangu, mama zangu, ndugu na vijana: asalaam aleikum. Bwana asifiwe. Na mliobaki kimya mara zote mbili, hamjambo?

Mwenyekiti amenipa dakika ishirini. Mtu wa Malindi ukimpa dakika ishirini, kumi na tano zinakwenda kwa salamu. Nitajitahidi.

Nianze na aibu yangu. Nilipofika nchi hii nilidhani nawajua Wataliano. Nimekulia Malindi, mji ambao muuza madafu ukimpita anakuambia ciao. Kwetu Mtaliano ni mtu wa nyumba yenye bwawa la kuogelea na mlinzi getini. Wa mwanzo walikuja miaka ya sitini na mambo yao ya anga, ule mradi wa San Marco uliokuwa ukirusha setilaiti kutoka kwenye jukwaa lililosimamishwa baharini. Mwaka 1970, Siku ya Jamhuri, iliruka moja iliyoitwa Uhuru. Baadaye wakaja wa mahoteli, wakaja wa piza, wakaja wa mambo ambayo hatuyasemi mbele ya watoto. Kichwani mwangu Mtaliano na pesa walikuwa pacha.

Kisha nikapata kazi ya kutunza wazee, kama nusu ya waliomo ukumbini humu. Wakala akaniuliza kama nina lugha nyingine. Nikasema ninacho Kitaliano cha ufukweni. Akanituma Boston, mtaa wa North End, kwa mama wa miaka tisini na moja aliyekaa ghorofa ya nne, nyumba haina lifti. Sitamtaja jina, nitamwita Bibi. Siku ya kwanza nilimuuliza, kwa ujinga wangu, familia yake ilikuja Marekani na biashara gani. Bibi alicheka mpaka akashika meno yake yasidondoke. Akaniambia nivute sanduku lililo chini ya kitanda.

Sanduku la kadibodi ngumu, limefungwa kamba ya katani. Akasema: "Hili ni la baba yangu. Alilifunga mwaka aliofika, akasema tunarudi kijijini mwakani." Ndani yake mlikuwa na mapambo ya Krismasi. Mzee huyo hakurudi kijijini hata kuzikwa.

Ndugu zangu, leo naliongelea hilo sanduku. Nani humu hana sanduku chini ya kitanda? Nani humu hajasema "tunarudi mwakani"?

North End ni rasi ndogo inayochomoza kwenye bandari ya Boston. Haifiki kilomita moja ya mraba. Kufikia 1930 mlikuwamo watu kama elfu arobaini, karibu wote Wataliano. Fikirini mtaa wa Majengo, muuongezee orofa tano na baridi.

Je, waliukuta mtupu? Hata kidogo. Waingereza walikuwamo tangu karne ya 17. Baada ya njaa ya viazi ya miaka ya 1840 wakaja Waairishi wakaujaza. Rose, mama yake Rais Kennedy, alizaliwa humo mwaka 1890. Wakaja Wayahudi wa Ulaya ya Mashariki, wakashika barabara ya Salem. Kila mmoja alimkuta mwenzake, akamsukuma, naye akaja akasukumwa.

Mkienda leo, watalii wamepanga foleni nje ya nyumba ya Paul Revere, yule fundi wa vyombo vya fedha aliyepanda farasi usiku wa Aprili 1775 kuwaonya watu kwamba askari wa Mwingereza wako njiani. Nyumba ilijengwa mnamo 1680. Lakini kabla haijafanywa makumbusho mwaka 1908, ilikuwa nyumba ya kupangisha vyumba, na chini yake mliwahi kuwa na duka la peremende, watengeneza sigara, benki ya Wataliano na duka la matunda na mboga. Mimi nikipita pale, ni lile duka la mboga ninalolifikiria. Farasi wa Revere ana watu wa kutosha wa kumkumbuka.

Sasa, hawa walikuja kutoka wapi? Wa kwanza walikuwa wa Genoa, huko kaskazini, miaka ya 1860. Kisha likaja wimbi lenyewe, la kusini: Campania, Abruzzo, Sisilia. Kodi, malaria, shamba la bwana mmoja wanalolima watu mia. Bandarini walipokewa na mtu aliyeitwa padrone. Padrone anajua lugha, anajua mwajiri, anakupa kazi ya kuchimba mtaro, halafu mshahara wako unapitia mfukoni mwake kwanza na ukifika kwako umepungua. Naona watu wanatabasamu. Mnamfahamu huyo.

Na msidhani walijiona Wataliano. Walikuwa watu wa kijiji fulani. Wavuvi wa Sciacca walikaa upande wa barabara ya North, na Mama Maria wao. Watu wa Montefalcione, kina Bibi, walikuwa na Antonio Mtakatifu wao. Kila kijiji na chama chake cha kufa na kuzikana: unatoa senti zako kila mwezi, ukiugua wanakusaidia, ukifa wanakusindikiza. Tukikutana sisi tunalaumiana ukabila. Wale waligawana mpaka kanisa! Kanisa la Mtakatifu Leonard lilianzishwa 1873. Haikupita miaka mingi kundi moja likajitoa, likanunua jengo lililokuwa kanisa la mabaharia pale North Square, likavutana na askofu mkuu miaka kadhaa juu ya nani ashike hati ya nyumba. Hati, ndugu zangu. Imani ilikuwa moja.

Sherehe ya wale wavuvi inafanywa kila Agosti tangu 1910, nami nimeishuhudia mara mbili. Sanamu ya Mama Maria inapita mtaani mabegani mwa wanaume, na noti zinabandikwa kwenye tepe zake kama tunavyomtuza bibi harusi. Mwisho wake watu wanajazana barabara ya North na kunyamaza. Dirisha la ghorofa linafunguka. Anatoka msichana mdogo mwenye mabawa, kafungwa kamba kiunoni, anateremshwa hewani juu ya vichwa vya watu mpaka mbele ya sanamu. Anasema maneno yake kwa Kitaliano, kwa sauti, hagugumizi hata neno. Mara ya pili mama yake alikuwa karibu yangu, mikono kaifunga kifuani, midomo ikisema kila neno pamoja na mtoto. Alikuwa ameyasema yeye mwenyewe akiwa na umri ule ule.

Lakini sikuja kuwaambia habari za sherehe. Sherehe tunazo. Nimekuja na habari ya molasi.

Mnaijua molasi. Ile nyeusi tunayowachanganyia ng'ombe, na wengine, wasitajwe, wanapikia chang'aa. Mwaka 1915 kampuni moja ya kutengeneza pombe ya viwandani ilijenga tangi la chuma pale Commercial Street, ukingoni mwa North End. Urefu mita kumi na tano, upana mita ishirini na saba. Meli zilileta molasi kutoka visiwa vya Karibi, pombe yake ikaenda kutengenezea baruti ya vita. Aliyesimamia ujenzi alikuwa mtu wa mahesabu, hajui kusoma mchoro wa injinia. Tangi halikujazwa maji kulipima kama ilivyopaswa. Chuma chenyewe kilikuwa chembamba kuliko kilichohitajika.

Tangi likaanza kuvuja tangu mwanzo. Watoto walikuja na vikopo kukinga matone. Dada mkubwa wa Bibi alikuwa mmoja wao, alitumwa na mama yake. Unajua kampuni ilifanya nini watu waliposema tangi linavuja? Ililipaka rangi ya kahawia. Ililipaka rangi ili uvujaji usionekane!

Sasa jiulizeni. Kwa nini tangi kama lile lijengwe hatua chache kutoka vyumba vya watu? Ndiyo, bandari iko pale, reli iko pale. Lakini pia wakazi wengi wa pale hawakuwa raia. Hawakuwa na kura. Kila mtu na sanduku lake limefungwa kamba, anarudi mwakani. Diwani anamwogopa nani?

Tarehe 15 Januari 1919, Jumatano, saa sita na nusu mchana hivi, baridi ilikuwa imelegea kidogo, watu wametoka nje kula. Tangi likapasuka. Galoni milioni 2.3. Zikaja kwa wimbi la mita saba, kwa mwendo wa kilomita 56 kwa saa. Tunadhani molasi ni kitu cha polepole, sivyo? Ilizing'oa nyumba kwenye misingi. Ilipinda nguzo za reli ya juu. Farasi walinasa kama nzi, polisi wakawapiga risasi kuwapunguzia mateso. Watu 21 walikufa, 150 wakaumia. Wawili kati ya waliokufa walikuwa watoto wa miaka kumi kumi, waliokuwa pale pale karibu na tangi. Dada yake Bibi siku hiyo alikuwa na homa ya tumbo, mama yake akamkataza kutoka. Bibi alisema dada yule hakula kitu kitamu tena maisha yake yote, hata keki ya arusi yake aliionja tu.

Na kampuni ilisemaje? Ilisema ni bomu. Ilisema Wataliano wenye siasa kali ndio waliotega bomu. Yaani tangi limewaua, na wao ndio washtakiwa!

Kesi ilichukua miaka. Mwaka 1925 mtu aliyeteuliwa na mahakama kusikiliza ushahidi, Hugh Ogden, akaamua: hakukuwa na bomu, tangi lilikuwa bovu. Kampuni ikalipa dola 628,000 hivi. Nyinyi mnaopenda uinjinia mjue kwamba sheria ya Massachusetts ya kutaka injinia aweke saini yake kwenye mchoro ilipata nguvu kutokana na janga lile. Mahali pale leo ni uwanja wa Langone. Wazee wanacheza bocce, wanavingirisha mipira mchangani na kubishana inchi. Kuna kibao kidogo, unaweza ukakipita.

Kwa Sacco na Vanzetti, wahamiaji wawili wa Kitaliano, nitapita haraka, maana hadithi yao ni ndefu na wengi mmeisikia. Mmoja fundi wa kiwanda cha viatu, mwingine mchuuzi wa samaki. Walikamatwa Mei 1920 kwa mauaji ya watu wawili kwenye wizi wa mishahara huko South Braintree. Mmoja wa wale waliouawa, mlinzi, naye alikuwa Mtaliano, jambo ambalo husahaulika. Walinyongwa? Hapana, walikalishwa kwenye kiti cha umeme, Agosti 23, 1927, baada ya miaka saba ya kelele za dunia nzima. Maziko yao yalianzia North End, barabara ya Hanover, siku ya mvua, umati usiohesabika ukatembea mpaka Forest Hills. Mwaka 1977 gavana Michael Dukakis, mtoto wa Wagiriki, alitoa tangazo kwamba hawakuhukumiwa kwa haki. Miaka hamsini. Kabla ya hapo, mwaka 1924, sheria ilikwisha kufunga mlango: Italia, iliyokuwa ikileta zaidi ya watu laki mbili kwa mwaka katika miaka ya kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, sasa iliruhusiwa 3,845.

Lipo jambo lililompata jirani yake Bibi, mvuvi. Mtoto wake wa kiume alikuwa jeshini, jeshi la Marekani. Mzee mwenyewe alikuwa hajachukua uraia. Vita na Italia vilipoanza, Wataliano wasio raia, kama laki sita nchi nzima, waliandikishwa kuwa wageni wa nchi adui. Wavuvi wao wa Boston wakazuiwa kutoka na mashua. Miezi mingi mzee yule aliamka alfajiri kama kawaida, akashuka gatini, akaitazama mashua yake imefungwa, akarudi kunywa kahawa. Oktoba 1942 ndipo walipoachiwa. Bibi alisema mwaka uliofuata hapakuwa na mzee mtaani asiyeulizia karatasi.

Palikuwa na mama mmoja wa mtaa, Clementina Langone, aliyejulikana kwa kuwashika mkono wahamiaji mpaka wapate uraia. Uwanja ule wa bocce una jina la ukoo huo. Nimewaambia Bibi alikuwa na picha tatu ukutani kwake? Ya Papa, ya Rais Kennedy, na ya kiapo cha baba yake mbele ya jaji, koti la kuazima, mikono mirefu kuliko mikono yake.

Sasa kaeni vizuri, hapa ndipo penyewe.

Jirani na North End palikuwa na mtaa wa West End. Wataliano wengi, Wayahudi, Wapolandi, mchanganyiko. Mwisho wa miaka ya 1950 jiji lilisema ule ni mtaa mbovu, likaleta matingatinga. Familia kama 2,700 ziliondolewa. Yakajengwa maghorofa ya wenye nazo, na bango likawekwa kando ya barabara kuwaambia madereva waliokwama kwenye foleni kwamba wangekuwa wanakaa pale, sasa hivi wangeshafika nyumbani. Fikiria wewe ndiye uliyevunjiwa, uko kwenye basi, unalisoma bango hilo.

North End nao ulikuwa kwenye vitabu vya jiji kama mtaa mbovu. Barabara ya juu ya chuma ilishajengwa ikaukata na mji miaka hiyo hiyo. Mabenki yalikuwa hayatoi mkopo mtaa ule. Lakini mwandishi Jane Jacobs alipopita 1959 alikuta madirisha mapya, rangi mpya, vyumba vimeunganishwa kuwa vikubwa. Akampigia simu mpanga miji mmoja amuulize pesa zimetoka wapi. Yule bwana akamjibu kwamba huo ndio mtaa mbovu kuliko yote mjini, halafu akakiri kwamba yeye mwenyewe hupenda kwenda kutembea huko.

Pesa zilitoka wapi? Hazikutoka popote. Mwashi alimjengea fundi bomba, fundi bomba akamtengenezea bafu seremala, seremala akamwekea milango mwashi. Baba yake Bibi alikuwa fundi wa kupaka plasta. Bibi aliweza kusimama dirishani akakuonyesha kwa kidole: dari ile ni ya baba, malipo yake yalikuwa jiko, dari ile ni ya baba, malipo yake yalikuwa harusi ya dada. Humu ukumbini tuna mafundi umeme wangapi? Wauguzi wangapi? Tunachangiana misiba vizuri sana, hilo hatuna mpinzani. Dari je?

Siwadanganyi kwamba walishinda. Wajukuu walihamia miji ya jirani, Medford, Revere, Saugus, wapate ua na gereji. Hata ile kampuni ya makaroni ya Prince, iliyopewa jina la barabara ya North End ilikoanzia 1912, ilihamia hapa hapa Lowell. Ile barabara ya juu ikazikwa chini ya ardhi, mradi wa mabilioni ya dola, na juu yake mwaka 2008 pakafunguliwa bustani. Mtaa ukafunguka, jua likaingia, na kodi ikapanda. Leo mikahawa imejaa, wapishi jikoni wanaongea Kihispania, na wenye asili ya Italia wanaolala humo ni wachache.

Na Bibi? Baba yake alipaka plasta nyumba za watu mtaa mzima, lakini hakununua hata moja, kwa sababu mnajua kwa sababu gani. Sanduku. Jirani wa chini, mwenye duka la kahawa, alinunua jengo lake miaka ya hamsini kwa pesa ambayo leo haikulipii kodi ya mwaka. Wajukuu wake wako pale pale. Jengo la Bibi liliuzwa nikiwa bado namtunza. Mwenye kulinunua hakuwa mtu mbaya, alikuja na maua. Tulimshusha Bibi ghorofa nne kwa kiti, mimi na vijana wawili wa gari la wagonjwa, akapelekwa nyumba ya wazee nje ya mji. Aliniuliza kama tumekumbuka sanduku. Nilikuwa nimelishika.

Mama wa jikoni wananionyesha mwiko, maana yake pilau imeiva na mimi nimepitiliza. Ndugu zangu, kwenye meza ile karibu na mlango mtaona fomu za uraia, N-400, na binti yetu mwanasheria amejitolea kukaa hapo mpaka saa mbili usiku. Mwenye kadi ya kijani ya miaka mitano na zaidi apite kwake kabla hajapita kwenye pilau. Pembeni yake kuna daftari: andika jina lako na ufundi wako. Kalamu ziko tatu tu, na ni zangu, tafadhali zirudisheni.